Wimbo Uliokalisha Watu

Mwanamuziki wa kujitegemea hastaafu kama mwalimu au bwana shamba. Hakuna anayemwandalia keki ofisini, kwa sababu hana ofisi, wala mkuu wa idara hamtolei hotuba, kwa sababu mkuu wa idara alikuwa yeye mwenyewe na idara ilikuwa chini ya kitanda. Mimi nimestaafu mwaka huu kwa kumwambia mke wangu, mama Sayi, tukiwa tunakunywa chai, kwamba sitapiga tena mbele ya watu. Akauliza kama hiyo maana yake spika zitatoka sebuleni. Nikasema ndiyo. Akasema hongera.

Ninyi vijana mnaorekodi kwenye vyumba vilivyobandikwa trei za mayai ukutani mmeniomba, kwenye kundi letu la WhatsApp, niwaandikie "nilivyofanikiwa". Nimelitazama neno hilo kwa muda mrefu kama mtu anayetazama dawa asiyojua inatibu nini. Nimeamua kuandika nilivyofanya kazi. Mafanikio mkiyaona humu ndani mnionyeshe, maana mimi nimeyatafuta na macho yangu si mazuri sana siku hizi.

Nilirudi Mwanza kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya jiografia na gitaa. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Kisesa, aliipokea shahada kwa mikono miwili. Gitaa alilitazama kama mbwa aliyewafuata wageni mpaka mlangoni. Alidhani litaondoka lenyewe.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa bonanza la Jumapili mchana kwenye baa moja karibu na stendi ya Buzuruga. Bendi ilikuwa ya Masalu, mpiga besi, mtu mfupi mwenye tumbo na miwani, ambaye siku nyingine za wiki alikuwa fundi wa redio. Siku ile aliniambia niingie baada ya wimbo wa pili. Nikaingia na solo niliyoifanyia mazoezi bwenini muhula mzima. Watu waliokuwa wanacheza wakasimama wakaniangalia. Nikafumba macho. Nilijua hivyo ndivyo wanavyozaliwa watu maarufu.

"Umeona walivyoniangalia, kaka?" nilimwuliza tulipokaa kunywa soda.

"Nimeona," Masalu akasema. "Umewakatisha, msomi. Mtu anayecheza hana muda wa kumwangalia mpiga gitaa. Akikuangalia ujue umemkanyaga."

"Sasa nipigeje?"

"Piga kama unachota maji kwenye ndoo ya jirani. Kidogo kidogo, na usionekane." Akafuta miwani. "Halafu usiangalie watu. Angalia viti. Viti vikiwa vitupu, uko kazini. Viti vikijaa, tafuta ramani zako urudi shule."

Hiyo ndiyo elimu yote ya muziki niliyowahi kupewa na mtu, na nimeitumia mpaka mwaka jana. Kila nilipopiga, macho yangu yalikuwa kwenye viti. Nimepiga kwa wachumba, kwa wanasiasa, kwa vyama vya akiba na mikopo, na sikumbuki sura zao, lakini naweza kuwaambia viti vilikuwa vya plastiki au vya chuma.

Kuhusu vifaa, mna bahati na mnaweza kuruka aya hii. Nyuzi za gitaa zilipokatika na duka halina, tulifumua waya wa breki ya baiskeli tukachukua uzi mmoja mmoja. Unatoa sauti ya hasira, lakini unatoa. Wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi, waliingia kwenye amplifaya wakafia humo, na Masalu akawa anaifungua Jumatatu na kuwatoa kwa brashi ya rangi. Tulipovuka kwenda kupiga Sengerema tuliifunga amplifaya hiyo kwenye blanketi na kuibeba watu wanne. Siku moja mfanyakazi wa kivuko akatusogezea watu pembeni, akasema kwa upole, "Wapisheni, wapisheni. Mgonjwa wenu mlazeni hapa kivulini." Masalu akamshukuru. Tulivuka tumekaa kimya kulizunguka blanketi, na mama mmoja akatuombea.

Niliiacha bendi kwa sababu nilitaka kuimba nyimbo zangu. Masalu hakukasirika. Alisema kila mtu ana haki ya kufilisika kwa jina lake mwenyewe. Basi nikawa wa kujitegemea, neno ambalo wakati ule lilimaanisha unabeba spika peke yako.

Hapo ndipo mkanganyiko wangu ulipoanza, na sijautoka. Nilipeleka wimbo kwa mtangazaji wa redio mjini. Akausikiliza nusu, akavua vifaa vya masikioni. "Kaka, sauti unayo. Ila huu wimbo unanuka ziwa. Utie ladha ya Dar kidogo." Nikapanda basi kwenda Dar, nikautia ladha, nikampelekea mtayarishaji mmoja Sinza. Naye akasikiliza nusu. "Wewe si Msukuma? Mbona unaimba kama karani? Tuletee kitu halisi."

Nikarudi kutafuta uhalisi. Waandaaji wa tamasha fulani walinipa nafasi kwa sharti kwamba nivae "kiasili", nikavaa ngozi ya mbuzi niliyoazima. Mvua ikanyesha. Kama hamjawahi kukaa ndani ya ngozi ya mbuzi iliyolowa, siwezi kuwaelezea, lakini mpiga ngoma wangu alipiga ameelekea upande mwingine. Wageni walipiga picha nyingi sana. Nilipoenda nyumbani Kisesa nikiamini sasa nimekuwa mtu wa asili, nikaimba kwa Kisukuma kwenye harusi ya binamu yangu, na mzee mmoja akasema, bila ubaya wowote, "Huyu kijana anaimba kama anasoma tangazo la zahanati."

Alikuwa sahihi. Nyumbani kwetu baba alitaka tuzungumze Kiswahili ili tufaulu. Wachezaji wa ngoma walipopita barabarani baada ya mavuno, sisi watoto wa mwalimu tulikuwa ndani tukifanya hesabu, tukisikiliza kwa sikio moja. Kwa hiyo ukiniuliza muziki wangu halisi ni upi, ni nyimbo za kanisani, redio ya jirani, na ngoma iliyopita nje ya dirisha huku mtu akinisomesha sehemu na desimali. Hakuna mtayarishaji aliyewahi kuniomba nilete hicho.

Wimbo mmoja tu ulikuja bila mimi kuuliza ni wa wapi. Shangazi yangu aliishi Sengerema, na kabla ya kupakua chakula alikuwa na desturi ya kusimama na mwiko na kuuliza, "Leo hayupo nani?" Watu wakajibu, naye akamwekea asiyekuwepo sahani yake, akaifunika. Binamu zangu waliniambia jibu lilikuwa mimi karibu kila siku, kwa sababu nilikuwa mjini nikiangalia viti. Nikatunga wimbo wa beti tatu. Kiitikio kinauliza, "Leo hayupo nani?" na mwimbaji anajibu kwa jina. Niliweka jina langu, Lushinge, kama wanamuziki wa dansi wanavyojitaja ili watu wajue nani ameimba. Ubeti wa tatu ulikuwa juu ya pepo na mgandamizo wa hewa juu ya ziwa. Nilikuwa najivunia sana ubeti huo.

Niliupiga Buzuruga Jumapili nne au tano. Masalu alikuja kunisaidia besi. Kila nilipouanza, watu waliokuwa wanacheza walipunguza mwendo, wakatazamana, wakarudi kwenye viti.

"Wimbo huu unakalisha watu," Masalu aliniambia.

"Labda wanausikiliza."

"Kanisani ndiko watu wanakaa wakasikiliza. Uache, msomi."

Nikauacha. Niliurekodi mara moja kwa ukaidi, nikagawa nakala chache, na sikuupiga tena. Masalu alifariki miaka kadhaa baadaye, na kwenye msiba wake nilipiga nyimbo alizozipenda, zile za kusimamisha watu, na watu wakasimama wakacheza kama alivyotaka.

Miaka iliyofuata naipita haraka kwa sababu ilinipita haraka. Nilifundisha gitaa. Nilipiga kwenye harusi wakati wageni wanakula, nikiambiwa nipunguze sauti ili MC asikike. Simu zilipokuja na mitandao yake nilipandisha nyimbo zangu huko, na binti yangu Sayi alinionyesha jinsi ya kuangalia idadi ya waliosikiliza. Baadaye niligundua wengi wao walikuwa Sayi.

Sasa nifike mwaka jana. Baba alikuwa ametangulia zamani, na mimi na mama Sayi tulikwenda Kisesa kurekebisha paa la nyumba yake. Ilikuwa baada ya mavuno. Mchana mmoja nikiwa juu ya ngazi nilisikia kundi likifanya mazoezi uwanjani ng'ambo ya barabara, sauti za wanawake na wanaume wengi pamoja, taratibu, na zikauliza, "Leo hayupo nani?"

Nilishuka. Mama Sayi anasema nilishuka vibaya, lakini nilifika chini.

Walikuwa kundi la wigashe. Kwa mliokulia mjini, wigashe ni ngoma ya Wasukuma inayochezwa watu wamekaa. Wanapanga vigoda mstari kwa mstari, na kinachocheza ni mabega, mikono na shingo, wote kwa pamoja, kama mawimbi madogo. Nilikuwa nimeiona maisha yangu yote kupitia dirishani na haikunipitia akilini kwamba kuna watu duniani ambao wimbo ukiwakalisha, hapo ndipo kazi inaanza.

Nilimwambia mama aliyekuwa amesimama karibu nami na mtoto begani, "Wimbo huu ni wangu."

"Ni wa kwetu sote, mzee," akasema. "Bibi yangu alikuwa anauimba."

"Haiwezekani. Niliutunga mimi."

Akaniangalia kwa huruma, akamhamisha mtoto bega la pili, akasogea kidogo.

Kiongozi wao, manju, yaani anayetunga na kuanzisha nyimbo, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi aitwaye Kabula. Nilisubiri wapumzike, nikamfuata, mama Sayi nyuma yangu. Akanisalimu, "Shikamoo mzee," nikaitikia, kisha nikamweleza habari yangu yote, Buzuruga, shangazi, mpaka mgandamizo wa hewa. Alinisikiliza huku akifunga upya kitenge kiunoni.

"Kumbe ni wewe," akasema mwishoni.

"Unanijua?"

"Mama yangu, Nkwimba, alikuwa anauza dagaa nje ya baa ile. Alisema kulikuwa na kijana mrefu anaimba kama anaumwa, lakini alikuwa na wimbo mmoja mzuri. Akiuimba, watu wanaacha kurukaruka, wanakaa, wanaagiza dagaa. Mama akaukariri, akatuletea. Tulipunguza mwendo. Ubeti wa mwisho aliuondoa."

"Ubeti ule ndio—"

"Aliuondoa siku ya kwanza, mzee."

Niliwaomba wauimbe tena. Kwenye nafasi ya jina, pale nilipokuwa nimejiweka mimi, waliimba Nkwimba. Kabula aliniambia mama yake alikuwa amefariki. Nikampa pole. Kisha nikasimama pale nikiwa na maumivu ambayo sikuyaelewa. Kitu kimoja katika kazi yangu yote kilikuwa kimeishi, kikafika mahali ambapo mtayarishaji wa Sinza angelia kwa furaha, kikawa halisi kiasi cha kuitwa cha bibi. Na jina langu halikuwemo. Nilikuwa nalitaka lirudi. Nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka redio inipige.

"Dada Kabula," nikasema, "pale kwenye jina, mimi ndiye niliyekuwepo mwanzo."

Wachezaji wenzake wawili waliangalia chini. "Unataka tukutaje wewe?" Kabula akauliza.

"Kama haitawakwaza."

"Pale?"

"Pale pale."

"Jumamosi tunashindana na wenzetu wa upande wa pili," akasema. "Njoo ukae mbele na mimi. Tukifika kwenye jina, anzisha wewe. Utakachosema tutakiitikia. Mama hatakasirika, ametajwa sana."

Mama Sayi aliniuliza usiku, tukiwa tumelala, kama nina hakika. Nikamwambia ni suala la haki. Akasema yeye ni mtu wa Musoma na mambo ya Wasukuma hayajui, lakini wale wawili walivyoangalia chini hakupenda. Nikamwambia walikuwa wanaona aibu kwa kuwa wimbo si wao. Akageukia ukutani.

Mashindano ya ngoma huku kwetu hayana majaji wa kukaa mezani. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanatembea kwenda kwa anayewavuta. Anayebaki na watu ndiye mshindi. Wapinzani wetu walikuwa na sanamu kubwa ya mbao inayocheza, inayotikisa mikono na kuvuta sigara ya kweli. Tulipoanza, uwanja mzima ulikuwa kwao. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kidogo kuliko ninavyostahili, magoti yakiwa karibu na masikio, nikijaribu kufanya mabega yangu yaende na ya wenzangu. Yalikwenda, ila baada yao.

Kabula akaanzisha wimbo. Polepole watu wakageuka. Waliacha sanamu ikivuta sigara yake, wakaja, na walipofika hawakusimama. Walikaa chini kwenye nyasi, akina mama wakikunja miguu, wazee wakiegemea fimbo. Watu wengi kiasi kile, wote wamekaa. Kila kitu nilichofundishwa kilikuwa kinaniambia nikimbie.

Kiitikio kikafika. "Leo hayupo nani?" Kabula akanigeukia. Nikafungua mdomo nikaimba, "Lushinge."

Kundi zima likaitikia, Lushinge, Lushinge, mabega yakishuka kwa pamoja. Kisha waliokaa kwenye nyasi nao wakaitikia. Mama mmoja mbele yangu akafunika uso kwa kanga. Mwingine akatikisa kichwa taratibu. Sikuwahi kutajwa na vinywa vingi namna ile, na nilijiambia, basi, hiki ndicho kile. Tulishinda. Sanamu ilibaki na mwenye sanamu.

Watu walipokuwa wanatawanyika, mzee mmoja mwenye koti akatufuata mimi na mama Sayi, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana na msiba," akasema. "Huyo Lushinge alikuwa ndugu yenu?"

Nikamwangalia. "Alikuwa mtu wangu wa karibu," nikasema.

"Aliugua muda mrefu?"

"Miaka mingi," mama Sayi akajibu.

"Mmeshamzika?"

"Bado. Tunasubiri ndugu zake wa Sengerema," akaongeza mama Sayi.

Mzee akatikisa kichwa, akatushika mikono tena, akaondoka. Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine wanasubiri kutoa pole, na ilibidi nizipokee zote, kwa sababu sikujua ni kwa adabu gani mtu anakataa rambirambi zake mwenyewe.

Nilimkuta Kabula akikusanya vigoda. "Pale mnaweka jina la marehemu," nikamwambia.

"Ndiyo. Anayefariki kati yetu tunamtaja mwaka huo. Mama tukashindwa kumtoa, akabaki."

"Ulijua nini kitatokea."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema wimbo ni wako, mzee. Ningekufundishaje?" Hakuwa anacheka, au alikuwa anacheka kwa namna ambayo mtoto wa mwalimu haioni.

Mpaka leo sijui niuhesabu vipi mchana ule. Mwimbaji anaota watu waache kila kitu, wakae, walie kwa jina lake. Nilipewa yote, tena nikiwa hai na ninaona, na waliokuwa wananililia walinipa mkono bila kujua ni mimi. Kila nikijaribu kulieleza kundi letu la WhatsApp kwamba huko ni kushindwa, mabega yale yananirudia, yanashuka pamoja. Nikijaribu kusema ni kushinda, namkumbuka mzee mwenye koti akiuliza kama tumeshazika. Baada ya hapo kila nilipopanda jukwaani mjini na kuona viti vitupu, watu wanaruka, sikujua tena kama hiyo ni habari njema. Ndiyo sababu nimeacha. Mtu asiyejua tena kuangalia viti hafai kupewa kipaza sauti.

Kabla hatujaondoka Kisesa nilimwambia Kabula amrudishe mama yake mahali pake. Akasema hakuwa na mpango mwingine. Nikaingia kwenye gari, kisha nikashusha kioo.

"Hayawezi kukaa majina mawili?"

"Wimbo ni mfupi," akasema. "Ungeutunga mrefu."

"Nilikuwa na ubeti wa tatu."

"Usiwe wa hewa," Kabula akasema. "Lete mwingine. Ukiwa mzuri tutauimba, ukiwa mbaya utaurudisha mjini."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Asubuhi nakaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda nilichonunua Kisesa, maana nimegundua ukikaa kwenye kiti wimbo unakuja na mwendo mwingine. Mama Sayi akipita na ndoo huniambia mabega bado yanachelewa. Nilichopata mpaka sasa ni mstari mmoja tu, swali, nao unakaa vizuri kwenye sauti: "Na leo yupo nani?" Nimelijaribu jina langu pale mara nyingi. Linaingia. Halafu nanyamaza, nasubiri, kwa sababu huu ni wimbo wa watu wengi na peke yangu siwezi kujua kama kuna atakayeitikia.